Mgeni wa Saa Nne

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza, na nywele hazikauki. Asubuhi nimeosha mafungu sita, nikayaanika kwenye kamba katika chumba cha nyuma, na mpaka jioni hii yananuka kama mbwa aliyenyeshewa. Wigi ikishonwa kwa nywele ambazo hazijakauka vizuri hulegea kabla ya mwezi kwisha, kwa hiyo msimu huu kazi yangu itakuwa zaidi ya kungoja. Ndiyo maana nimenunua daftari hili. Mikono yangu ikikosa kazi hujitafutia, na haijawahi kujitafutia jambo la maana.

Shemeji, mume wa mdogo wangu, alipita mchana kuniwekea kile kitu nilichomsumbua nacho tangu mwaka jana. Yeye ni fundi kompyuta, na ndiye aliyenifungulia tovuti yangu miaka minne iliyopita. Humo naandika niliyojifunza kwa miaka ishirini na saba ya kuwashonea wigi watu waliopoteza nywele: mabaka yanaanzaje, ngozi ya kichwa inatunzwaje, mtu amwambieje mume wake, amjibu nini jirani mwenye maswali. Miaka minne naandika kama mtu anayeongea na ukuta. Nikasema mwaka huu lazima nijue kama ukuta una masikio.

"Hiki kitakuonyesha kila kitu, shemeji," aliniambia huku akibonyeza. "Mgeni ametoka mji gani, anatumia simu au tableti, amesoma ukurasa upi, kwa dakika ngapi. Akiwa kwenye mtandao wa ofisi, hata jina la ofisi linaonekana."

"Na wao watajua kwamba nawaona?"

"Nitaweka maandishi madogo pale chini kabisa. Lakini nani husoma maandishi madogo? Na mimi taarifa itanijia kila Ijumaa, nikague kama kinafanya kazi."

Nikasema sawa. Sikufikiri hata kwa muda wa kumeza mate.

Jumanne, 4 Machi

Wageni kumi na tisa! Nimeungua kidole na pasi ya nywele kwa furaha.

Ijumaa, 7 Machi

Wageni thelathini na watatu. Mmoja alikuwa nchi ya mbali kabisa, kwenye baridi, na alisoma "Mabaka Kichwani" mara nne. Nikamwonea huruma, nikamtakia afya, kisha nikaenda kuona wa pili yake.

Mvua siku nzima.

Jumapili, 9 Machi

Nimechungulia kabla sijanawa uso.

Jumatano, 12 Machi

Naanza kuwafahamu. Yuko Bwana Haraka, anayefungua ukurasa na kuufunga kama aliyeingia choo cha wanawake kwa bahati mbaya. Yuko Mama Mkesha. Na yuko mmoja anayekuja kila siku ya kazi, saa nne asubuhi na dakika chache, kwa tableti, akakaa robo saa na kuondoka. Huyo nimempa jina la Mgeni wa Saa Nne.

Husoma kurasa tatu tu. Anaanza na "Nywele Zinazotoka Bila Sababu", anakwenda "Unapongoja Majibu ya Daktari", anamalizia "Kumwambia Mume". Hiyo ya tatu jana alikaa nayo dakika tisa, na ni ukurasa ambao mtoto wa darasa la pili angeumaliza kwa dakika tatu.

Mtu hasomi kitu dakika tisa kwa kupenda lugha yangu. Huyu anaumia.

Ijumaa, 14 Machi

Amekuja. Saa nne na dakika sita.

Jumatatu, 17 Machi

Amekuja. Dakika kumi na nne za "Kumwambia Mume". Leo nimetazama upande wa kulia wa ile orodha, ambako sikuwa na kawaida ya kutazama, na jina la mtandao wake limeandikwa wazi: ni ile shule ya wasichana iliyoko kilimani. Saa nne ndiyo mapumziko yao ya chai. Najua kwa sababu mdogo wangu ni karani pale, na ukimpigia saa nyingine yoyote hapokei.

Mgonjwa wangu yuko mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka hapa nilipokaa, nami sindano iko mkononi.

Jumanne, 18 Machi

Nimemjua.

Nilikutana na Mwalimu Mkuu wa shule hiyo kwenye duka la vitambaa. Mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kengele. Tangu muhula uanze anafunga kilemba, yeye ambaye miaka yote alitembea kichwa wazi. Tena kilemba chenyewe kimeshuka mpaka nyusi kwa mbele, na kisogoni kimefunika mpaka chini ya maoteo ya nywele. Wanaofunga kwa urembo hawafungi hivyo. Hivyo hufunga mtu anayeficha. Nimeona vichwa kwa miaka ishirini na saba. Mtu akinipita njiani najua kipimo chake kabla sijajua sura yake. Mimi na kichwa hatudanganyani.

Nilitaka kumshika mkono palepale kati ya vitambaa. Nikajizuia, nikanunua uzi ambao sikuuhitaji.

Mdogo wangu nilimpigia jioni nikamuuliza kwa mbali, "Mwalimu Mkuu wenu hajambo?" Akasema hajambo, kwa nini? Nikasema basi tu. Akasema ana nguo za kuanua.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeandika barua na kuiweka mbele ya tovuti. Nainakili hapa kwa sababu naiona nzuri:

"Kwako wewe unayenitembelea kila siku wakati wa mapumziko ya chai, kutoka shule ya kilimani. Najua unayoyasoma na najua unayoyaogopa. Huna haja ya kuyabeba peke yako. Mlango wangu wa nyuma hauonekani barabarani. Njoo siku yoyote. Mficha uchi hazai."

Nimelia kidogo nilipomaliza. Nalala mapema, na moyo mweupe.

Ijumaa, 21 Machi

Hakuja. Labda ana mitihani ya kusimamia.

Jumamosi, 22 Machi

Wageni mia mbili na kumi na wawili. Sijawahi kuona. Wengi ni wa hapahapa mjini, na wote wamesoma barua.

Jumatatu, 24 Machi

Hakuja. Mvua.

Jumanne, 25 Machi

Hakuja. Muuza mboga ameniuliza kama ni kweli Mwalimu Mkuu ana ugonjwa usio na dawa. Nikamuuliza amesikia wapi. Akasema, "Si kwako, Mama Nywele?"

Jumatano, 26 Machi

Hakuja. Sikula.

Alhamisi, 27 Machi

Nitaandika yote, hata yanayonichoma.

Alikuja mchana, kwenye mvua, na alipita mlango wa mbele. Nilikuwa na kichwa cha mbao mapajani nikifunga nywele kwenye wavu. Mwalimu Mkuu hakunisalimu. Aliweka mwavuli kwenye ndoo, akavuta kiti cha wateja, akakaa, akaanza kufungua kilemba taratibu, tabaka baada ya tabaka, na kukikunja juu ya magoti kama mtu asiye na haraka.

Chini yake kulikuwa na nywele. Nywele nyingi, nzito, zimejaa mpaka pembeni mwa uso, nyeupe kama pamba.

"Nimeacha kupaka rangi tangu likizo," alisema. "Zinaota rangi mbili, zinachekesha, na wasichana wangu wana midomo. Nikasema nitafunika mpaka zilingane. Sasa shika."

"Mwalimu..."

"Shika, vuta. Wewe si bingwa wa vichwa?"

Nikashika. Sikuvuta. Nilitamani sakafu ifunguke, nami naijua sakafu yangu, ni ya saruji.

"Wazazi wanane wamenijia ofisini wiki hii," akasema. "Mmoja ameniuliza kama naambukiza. Mwenyekiti wa wazazi ameitisha mkutano. Lakini mimi ni mtu mzima, nimesimama mbele ya wasichana mia sita kila asubuhi kwa miaka kumi na minane, hayo hayaniui. Unajua kinachoniudhi?"

"Sijui, Mwalimu."

"Kwamba barua ile si yangu, kwa hiyo ni ya mtu mwingine shuleni kwangu. Kuna mwanamke mle ndani, sijui nani, ambaye alikuwa na mahali pamoja pa kusoma bila kuulizwa. Ukamtolea macho. Siku hizi saa ya chai chumba cha walimu kimya, kila mmoja anatazama kichwa cha mwenzake. Huyo mtu anakunywa chai yake anatetemeka, nami siwezi hata kumwambia asitetemeke, kwa sababu simjui na sitaki kumjua."

Nikasema nilitaka kumsaidia tu.

"Wateja wako unawaandika vipi?" akauliza.

Nikamwonyesha daftari la vipimo. Humo hakuna jina hata moja. Kuna duara la kichwa, sikio hadi sikio, paji hadi kisogo, basi. Marehemu fundi aliyenifunza alisema fundi wa wigi akiandika jina, amemvua mteja barabarani.

Akaligeuza kurasa mbili tatu. "Miaka yote hii hukuandika jina la mtu kwa kalamu," alisema. "Halafu unaletewa mashine, unawaandika wote."

Akafunga kilemba chake, sasa juu juu tu, maoteo yote nje, akachukua mwavuli. Mlangoni aligeuka akasema nywele za kwenye kamba zinanuka, nifungue dirisha.

Nimefungua dirisha. Nimekaa mpaka saa kumi na mbili bila kushona hata uzi mmoja. Nilikuwa namwona yule mama ana kiburi. Leo nimemwona vizuri, na nimejiona na mimi.

Ijumaa, 28 Machi

Barua nimeitoa. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini angalau nimeufunga mfereji. Nimeapa kutochungulia tena.

Shemeji amepiga simu, na sauti yake imechangamka. Ijumaa ndiyo siku ya taarifa yake. "Mtandao wa shule nautunza mimi, shemeji. Nikipata nafasi ya siku mbili naweza kulinganisha, nikakwambia tableti ile ni ya nani hasa. Tumalize uvumi."

Nikamwambia asithubutu. Akacheka. Huyu shemeji yangu ni mtu mwema lakini ulimi wake hauna breki. Siku aliyoposa, mtaa wote ulijua kabla ya mdogo wangu.

Jumapili, 30 Machi

Wamekuja kula kwangu, mdogo wangu na mumewe. Mdogo wangu amesuka nywele fupi, misuko myembamba iliyolala vizuri mpaka shingoni. Nikamsifia msusi wake. Akasema asante. Amekonda.

Mezani nilieleza yote ya Mwalimu Mkuu, hata pale pa "shika, vuta", na shemeji akacheka mpaka akapaliwa. Mdogo wangu hakucheka. Aliniuliza, "Kwa hiyo dada, sasa huwaangalii tena?"

"Siwaangalii," nikasema.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Nimeapa."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kula. Baada ya chakula shemeji alilala kwenye kiti kama kawaida yake, mdomo wazi. Hakuwa hivi kabla ya kumzika mama yake mwaka jana. Sasa akikaa tu anasinzia, kama mtu ambaye bado hajalipwa usingizi wa zile siku za hospitali. Mdogo wangu akasema anakwenda kunyoosha mgongo chumbani kwangu. Mimi nikaosha vyombo.

Jumatatu, 31 Machi

Nilikaa siku mbili na nusu. Hicho ndicho kiapo changu kilichodumu.

Nilifungua asubuhi, nikijidanganya kwamba naangalia kama uvumi umepungua. Orodha ya jana ilikuwa fupi. Mstari mmoja tu ulinisimamisha. Tableti, aina ileile. Saa nane na dakika ishirini mchana. "Unapongoja Majibu ya Daktari", kisha "Kumwambia Mume", dakika kumi na saba. Na jina la mtandao lilikuwa la nyumba hii.

Saa nane na dakika ishirini nilikuwa jikoni na sabuni mpaka viwikoni. Shemeji alikuwa anakoroma. Nyumba nzima ilikuwa na watu watatu.

Mdogo wangu. Mgeni wangu wa Saa Nne ni mdogo wangu niliyembeba mgongoni, na misuko ile niliyoisifia jana ni wigi. Tena si kazi yangu. Amekwenda kwa fundi mwingine, mji mwingine pengine, akalipa, akapimwa na mikono ya mtu asiyemjua, kwa sababu mikono ya dada yake ina mdomo. Nilimtazama kisogo mezani nikaona kazi safi nisione kichwa cha ndugu yangu. Mimi na kichwa hatudanganyani!

Nimekaa sakafuni kati ya nywele za watu, nikalia kwa sauti.

Halafu nikaelewa mengine, moja baada ya jingine. Mama yake shemeji alianza hivihivi. Nywele zilitoka mabaka, kisha viungo vikavimba, kisha figo, na ndani ya miezi kumi na minne tulikuwa makaburini. Shemeji alimuuguza kwa mikono yake. Mdogo wangu anangoja majibu ya daktari na hataki mumewe aone mabaka yale kabla hajajua ni ugonjwa gani. Ndiyo maana ya dakika tisa, ya dakika kumi na saba. Na mahali alipopaona salama kuliko pote, baada ya kuhakikishiwa kwa kiapo, ni nyumbani kwangu.

Na Ijumaa taarifa ingekwenda kwa mumewe. Naye si lazima angoje Ijumaa. Anaweza kufungua saa yoyote apendayo. Jina la nyumba yangu, siku waliyokuwa wamekuja, saa aliyokuwa amelala. Hata yeye asiyejua vichwa angejua.

Nilivaa viatu vya mvua nikaenda.

Duka lake liko nyuma ya stendi ya mizigo, chumba kimoja kimejaa kompyuta zilizofunguliwa matumbo. Alikuwa na bisibisi mdomoni.

"Shemeji, umefungua ile orodha leo?"

"Bado. Nimebanwa. Kuna nini?"

"Kifute."

"Nifute nini?"

"Kihesabu wageni. Chote. Kwangu na kwako, cha jana na cha tangu mwanzo. Sasa hivi, nikiwa nimesimama hapa."

Akatoa bisibisi mdomoni. "Shemeji, kukizima ni sawa. Lakini kumbukumbu tuziache, ni mwezi mzima wa..."

"Futa."

"Unanigombeza kwa kitu ulichonililia mwaka mzima!"

"Nakugombeza. Futa."

Alinitazama. Maji yalikuwa yananichuruzika hadi kwenye sakafu yake, na yeye hupiga kelele mtu akileta maji karibu na mashine zake. Hakupiga.

"Umemjua ni nani," akasema polepole.

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimechoka kudanganya. "Nimemjua. Na ndiyo maana unafuta."

"Ni mtu ninayemfahamu?"

"Swali moja limetosha. Ukiuliza la pili naibeba kompyuta hii kichwani na kuitupa mfereji wa mvua, na unajua kichwa changu kinabeba."

Sasa nitaandika alichofanya, kwa sababu nilimdharau mtu huyu kwa miaka kumi na moja. Aliingia kwenye ukurasa wa kuomba nywila, akaandika, na kabla orodha haijatokea akaugeuza uso wa kompyuta kunielekea mimi. Kisha akafumba macho. Alikaa vile, mkono mmoja kwenye kipanya, akiniambia nimsomee vitufe: juu kulia, sasa kimeandika nini, bonyeza, kimeuliza kama una hakika, sema ndiyo. Nilimsomea. Nilisema ndiyo mara tatu. Hakufungua macho mpaka nilipomwambia hakuna kitu tena, na nikamwambia azitoe hata zile taarifa za Ijumaa zote kwenye barua pepe yake, akafumba tena akazitoa.

Akanisindikiza mpaka mlangoni na mwavuli wake, akanipa. Nimerudi nao.

Jumanne, 1 Aprili

Leo sijui ni wangapi waliosoma.

Nimeandika tangazo, fupi, kwa maandishi makubwa, pale juu kabisa: "Kwa mwezi mmoja nilikuwa nawachungulia mnaosoma hapa. Niliona mlikotoka na mlichosoma. Nilikosea. Nimeacha, nimefuta, na sitarudia. Yale maandishi madogo ya chini nimeyaondoa. Kitu kinachohitaji kuandikwa kidogo namna ile hakifai kuwekwa."

Jumatano, 2 Aprili

Mdogo wangu amepiga simu kuuliza kama nina uzi mweusi. Nina uzi mweusi. Nilitaka kumwambia mdogo wangu, mama yangu, njoo. Ulimi ulikuwa umeshafika kwenye meno. Nikasema, "Ninao, nikuwekee?" Akasema ndiyo.

Akishajua kwamba ninajua, nitakuwa nimemchungulia mara ya pili. Kama nina deni kwake, ni kungoja.

Jumamosi, 5 Aprili

Mkutano wa wazazi. Mimi si mzazi wa pale. Nilikwenda hata hivyo, nikaketi safu ya mbele.

Mdogo wangu alikuwa mezani pembeni, anaandika kumbukumbu za mkutano, na misuko yake. Mwalimu Mkuu aliketi karibu naye, kilemba kiko juu juu, mvi nje. Mwenyekiti wa wazazi, mtu mwenye tumbo na karatasi nyingi, alianza kuzungukazunguka: afya ya viongozi, haki ya wazazi kufahamu, ikibidi walimu wote na wafanyakazi wote wapimwe na majibu yaletwe kwa kamati. Watu wengine wakapiga makofi. Nikamwona mdogo wangu ameacha kuandika.

Nilinyoosha mkono. Hakuniona. Nikasimama.

"Mimi ndiye Mama Nywele. Barua ile niliiandika mimi, kwa hiyo nisikilizeni mimi. Nilikuwa nachungulia watu kwenye mtandao kama mtu anayechungulia bafu la jirani. Nikaona kivuli, nikakipa jina. Nilimtazama mama huyu kilemba chake nikajiona daktari. Sikuwa najua kitu."

"Lakini kuna mgonjwa," mwenyekiti akasema. "Uliona mtu."

"Niliona tableti. Tableti haina nywele."

Watu wakacheka, na kicheko kile kilinisaidia kuvuta pumzi.

"Tuletee hiyo orodha basi, tuone wenyewe," mwenyekiti akasema.

"Nimeifuta."

"Basi tuambie kwa mdomo unachokumbuka."

Nilikuwa nimejiambia nisitazame meza ya pembeni, na sikutazama, Mungu ni shahidi. Nilitazama vifungo vya shati lake. "Nimeshona wigi miaka ishirini na saba," nikasema. "Humu ndani, kati ya nyinyi mnaopiga makofi, wako niliowashonea, na wako niliowashonea wake zao na mama zao. Mmekaa kwa amani kwa sababu sijawahi kumtaja mtu. Sasa mnataka nianze leo? Nianze na nani?"

Hakuna aliyepiga makofi. Mwanamke mmoja safu ya nyuma alisema kwa sauti, "Kaa chini, Mwenyekiti," na wengine wakaitikia. Akaketi. Wakaendelea na habari ya paa la bweni linalovuja.

Kwenye uwanja Mwalimu Mkuu alinipita bila kusimama. "Umechelewa wiki mbili," alisema, "lakini umekuja." Mdogo wangu alibaki ndani kumalizia kuandika. Sikumngoja.

Jumapili, 13 Aprili

Hawakuja. Mdogo wangu ana mafua, anasema mumewe.

Jumanne, 22 Aprili

Nimeandika ukurasa mpya: "Mabaka Si Lazima Yawe Yale Unayoyaogopa." Nimeeleza magonjwa sita yanayotoa nywele, na manne kati yake mtu anaishi nayo mpaka uzee. Sijui kama kuna mtu aliyeusoma. Kidole kilinipanda mara mbili kutafuta ile orodha mahali ilipokuwa. Nikaenda kuosha nywele.

Jumapili, 27 Aprili

Wamekuja. Tumekula, tumeongea habari za paa la bweni. Yeye amevaa misuko, mimi nimesifia samli. Shemeji hakulala leo. Alikuwa anamtazama mkewe, na nilipomtazama akanitazama mimi, kisha sote watatu tukatazama sahani.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua inapungua. Nywele zinakauka kwa siku mbili.

Jumamosi, 10 Mei

Siku ya sita sijapata simu yake. Sitapiga. Sitapiga. Nimeficha simu kwenye pipa la unga.

Jumamosi, 17 Mei

Jua kali tangu asubuhi. Nilikuwa nimetoa kamba zote nje.

Alikuja saa tano, kwa mlango wa mbele, peke yake, amebeba mkoba wa kazini. Akanisalimu, akakaa kwenye kiti cha wateja, na mimi nikajifanya natafuta mkasi.

"Majibu yametoka Jumatano," akasema.

Sikuuliza majibu ya nini.

"Siyo ule wa mama mkwe. Ni mwingine. Nitameza dawa maisha yote, na nywele zinaweza kurudi na zinaweza zisirudi. Lakini siyo ule, dada."

Nikaacha kutafuta mkasi.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu baada ya chakula kile. Nilikuapia siangalii, nikaangalia. Nisamehe."

Nje, mtu alikuwa anapiga nyundo bati.

"Wiki saba," akasema. "Wewe! Wiki saba hukusema!"

"Haikuwa yangu kusema."

"Nilikuwa nakuona unavyojizuia. Ile siku ya mkutano ulivyomkazia mwenyekiti macho kwenye tumbo, nikasema moyoni, dada anajua. Kila ulipofungua mdomo nikasema leo ndiyo leo. Halafu unaniuliza habari ya samli." Akaanza kucheka, akajifuta pua. "Nimemwambia mume wangu Alhamisi."

"Akasemaje?"

"Akasema alikuwa ananingoja. Alijua tangu siku ile ulipokwenda dukani kwake umelowa. Anasema alipofumba macho ndipo akajua, maana hakuna mtu mwingine duniani ambaye dada yangu angempigania namna ile. Akaamua asiulize. Wiki saba, dada. Alikuwa anaamka alfajiri ananitazama, anajifanya anatafuta viatu."

Yule niliyesema ulimi wake hauna breki.

Kisha mdogo wangu aliinua mikono, akavua ile misuko yote mara moja, akaiweka mapajani. Kichwa chake kilikuwa na mabaka saba, makubwa mawili juu ya sikio la kushoto, na kati yake manyoya membamba. Kidogo sana. Kichwa cha mtoto nilichokuwa nikikiosha kwenye beseni.

"Hii inawasha," alisema. "Nipime."

Nikachukua kamba ya kupimia nikasimama nyuma yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa siku hii, nimejiambia nitakuwa fundi kwanza na dada baadaye. Nikaweka kamba kwenye paji, nikaizungusha, na machozi yakaanza kumdondokea utosini, moja moja, nami mikono yote miwili imeshika kamba siwezi kujifuta.

"Dada," akasema bila kugeuka, "unanilowesha."

Nimempima mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sikuziona namba.